Miaka Mitano Iliyokuwa Sita

Mwanangu Jerida,

Nimekutuma kwa Mama Atieno na kwa mke wa mwinjilisti ukawaage, na nimekwambia usirudi mpaka unywe chai kwa kila mmoja. Usidhani ni adabu tu. Nilitaka uniondokee hapa nipate meza. Chumba chetu hiki unakijua, mmoja akikohoa wote tumekohoa, na mtu hawezi kumwandikia barua mtu aliyeketi mbele yake akikunja nguo. Baba yako yuko zamu mpaka saa kumi na mbili, Enoki yuko mpirani, na nyanya yako amekaa mlangoni anachambua mboga. Ananitazama kwa jicho la pembeni, maana hajawahi kuniona nikiandika kitu kirefu kuliko jina langu.

Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku, chini ya lile blanketi jipya. Ukiikuta utakuwa umeshafika chuoni, na hutaweza kurudi kunigombeza.

Habari za kufua, kuanika, na kuchagua marafiki umeambiwa na shangazi yako, tena mara tatu, na mara ya tatu nilikuona ukipiga miayo. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nataka nikwambie mambo niliyoyakosea.

Lakini kwanza niseme kwamba nimepumua. Tangu Jumanne, baba yako aliporudi kutoka posta na stakabadhi ya karo, nimekuwa mwepesi mpaka naogopa upepo. Aliiweka hapa mezani, tukaitazama sote wawili. Halafu akasema, "Basi imeisha, mama Jerida." Nikaenda dukani nikanunua ratili nzima ya sukari, ya kwetu wenyewe. Yule Mhindi akaniuliza, "Wewe mama, nyumbani iko harusi?" Nikamwambia iko kubwa kuliko harusi.

Wewe unakumbuka kujibana kwetu tangu ulipokuwa darasa la nne, lakini hujui kulianzaje. Kulianza na kofia yangu. Mwalimu wako mkuu alikuwa amemwita baba yako akamwambia, huyu msichana akiendelea hivi atakuwa mwalimu, wekeni pesa mapema. Baba yako alirudi akitembea kama amepandishwa cheo. Na mimi Jumamosi hiyohiyo nilikuwa nimechukua kofia dukani, kwa daftari, kofia ya rangi ya zambarau yenye unyoya. Mkate tulichukua kwa daftari, maziwa ya kopo kwa daftari, biskuti za Enoki kwa daftari. Mshahara wa baba yako wa kugeuza njia za treni pale steshen ulikuwa ukifika nyumbani umeshaliwa, tunaukaribisha na kuusindikiza siku moja. Tukaketi, tukatazama tulichonacho cha kukufanya mwalimu, na tulichokuwa nacho kilikuwa kofia.

Hasira zangu unazijua. Nilisimama hapohapo nikasema miaka mitano nyumba hii haitanunua kitu ila chumvi, sabuni, mafuta ya taa na kiberiti. Baba yako akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe? Wewe na hiyo ndege iko juu ya kichwa?" Nikamwambia na sigara zake pia zimo. Hapo akaacha kucheka.

Mengine uliyaishi mwenyewe. Uji badala ya mkate, na uji wenyewe bila sukari. Sabuni niliyoikata kwa uzi vipande vyembamba mpaka ukiishika inapita katikati ya vidole. Makaa ya garimoshi tuliyookota kule wanakomwaga, tukachagua vipande ambavyo bado vina moto ndani. Viatu vya kubeba mkononi mpaka mlango wa kanisa. Na yale mashimizi niliyokushonea kwa magunia ya unga, ambayo nilifua na kufua na maandishi hayakutoka, ukaenda shule ukiwa umeandikwa mgongoni kwamba wewe ni unga wa daraja la kwanza. Ulilia siku ile. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka, na sijakuomba radhi mpaka leo, kwa hiyo naomba.

Baba yako naye alivumilia, ila siku moja nilimkuta nyuma ya ghala akiapa hajavuta, moshi unamtoka puani akiwa bado anaapa.

Sikukosea hapo. Hayo yote ningeyarudia kesho, hata shimizi. Kosa lilikuja kwa upande wa wageni.

Unajua desturi yetu. Mtu wa kwetu akishuka steshen ya Nakuru, awe anatafuta kazi kwenye mashamba ya wazungu, awe anaenda Nairobi na pasi yake haijakamilika, awe anamtafuta mume aliyepotelea Naivasha, anauliza landhi, nyumba hizi za watu wa reli, anauliza kwa yule wa kugeuza reli, anafika hapa. Hatumi habari. Anafika tu na kikapu chake, anakaa. Na mgeni wa kwetu hapewi uji. Anapewa chai yenye maziwa na sukari, ugali na kitoweo, anapewa kitanda, nasi tunalala chini. Mwaka wa kwanza wa kujibana nilifuata hivyo. Mwaka wa pili nikaanza kuwatazama wakikoroga chai, na kila kijiko kilichoingia kikombeni nikakiona kinatoka kwenye karo yako. Mtu anakunywa, mimi nahesabu. Mtu ananisimulia habari za msiba wa kwao, mimi nahesabu. Nilikuwa mkono wa birika, na niliona ni ushujaa.

Ndipo nikanunua kufuli. Mpaka hapo, ukiacha chai ya wageni, kitu pekee nilichonunua nje ya vile vinne kilikuwa kufuli, na sikumwambia baba yako nilikinunulia nini.

Treni ya abiria kutoka Kisumu ilikuwa ikiingia jioni, saa kumi hivi ikiamua kuja kwa wakati. Saa tisa na nusu nafunga mlango, nakuchukua wewe na Enoki, tunaenda kwenye shamba letu kando ya reli, upande wa Njoro, treni inakotokea. Mgeni akija akute kufuli, ahangaike kidogo, aende nyumba nyingine. Landhi ina nyumba nyingi, nilijiambia. Tukirudi magharibi tunakuta ameshapokewa na mtu mwingine, nami naenda kumsalimia nikisikitika, "Aki pole, tulikuwa shamba."

Na treni ilipokuwa ikipita pale shambani, niliwaambia muiname. Hamkuuliza siku za kwanza. Halafu wewe ukauliza, "Mama, tunakimbia nani?" Nikakujibu, "Hatukimbii mtu, tunapalilia."

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwanzo wa mvua, mahindi ndiyo kwanza yameota. Treni ilipita, tukainama, tukakaa mpaka kigiza kinaanza kuingia, tukarudi tumeloa. Pale mlangoni kwetu, kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha, leso yake imeshikamana na mabega kwa maji, alikuwa ameketi mama yangu, na kuku mwekundu kando yake. Alikuwa hajapanda treni maishani mwake. Ilikuwa mara ya kwanza, na alikuja kuniona mimi. Mama Atieno alikuwa amemsihi aingie kwake, akakataa, akasema anangoja hapahapa. Basi Mama Atieno akamletea chai hapo kizingitini, na ilikuwa na sukari, nilinusa.

Mama akasema, "Mmechelewa shamba." Hakusema lingine. Nilifungua lile kufuli.

Baba yako alirudi kazini, akamkuta mkwewe anakaushwa kwenye jiko kama nguo. Akaniita nje. Akaniuliza ilikuwaje mama akae kwenye mvua na mimi niko. Nikasema treni ilikuja mapema. Yeye, anayegeuza njia za treni kwa mikono yake, anaambiwa treni ilikuja mapema! Na wewe ulikuwa umetoka nyuma yangu, hakuna aliyekuita, ukasema, "Ndiyo baba, treni iliwahi."

Ulisema bila kupepesa macho. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nililala usiku ule nikiwa na furaha, Jerida, nikidhani nina mtoto mwenye akili. Naandika hili kwa aibu lakini naliandika, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nyanya yako alikaa siku mbili akaondoka, na miaka minne hakukanyaga hapa tena, mpaka juzi alipokuja kukuaga. Mimi nilisema ni umri, ni nauli, ni magoti.

Kilichonishtua hakikuwa kile. Kilinijia mwezi mmoja baadaye, kwa chumvi. Mama Atieno, yuleyule wa chai ya kizingitini, alimtuma mtoto wake kuomba chumvi kidogo, amepika na imemwishia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, hukujua nipo. Nikakuona umesimama mlangoni na kopo la chumvi umelishika nyuma ya mgongo, limejaa, nililijaza mwenyewe asubuhi. Ukamwambia yule mtoto, "Imeisha, hata sisi tunakula bila." Ukaongeza na uso wa huruma. Ulikuwa uso wangu kabisa, ule wa "Aki pole, tulikuwa shamba."

Nilikaa kitandani. Nilikuwa najibana ili uwe mwalimu wa watoto wa watu. Sasa nilikuwa namwona huyo mwalimu, na nisingempelekea mtoto wangu.

Unakumbuka nilitoka nikakunyang'anya kopo, nikalipeleka lote kwa Mama Atieno, nikarudi nikakuchapa. Ulinitazama kwa mshangao, na ulikuwa na haki ya kushangaa. Ulichapwa kwa somo nililokufundisha mimi. Radhi ya pili hiyo.

Jioni ile nilimweleza baba yako kila kitu, kufuli, shamba, kuinama. Nilidhani atanipiga ama atanifukuza. Akasema, "Mimi sitaki mlango yangu ifungwe. Kama ni shule ichelewe, ichelewe." Na tokea hapo ukaona mabadiliko ambayo hukuelezwa. Sisi tuliendelea na uji wetu mkavu, lakini kwenye rafu likatokea kopo la sukari ya wageni, na hakuna mkono wa nyumba hii uliolifungua kwa ajili yake mwenyewe. Wageni wakarudi. Yule mzee wa mguu uliovimba alikaa wiki tatu, akala kwa wanne, na nikamkorogea chai mwenyewe. Mwanzoni bado nilihesabu. Baadaye nikaacha, na nikaanza kusikia wanachosema. Unajua sikuwa nimesikia habari za kwetu kwa mwaka mzima? Watu walikuwa wanazileta mpaka mezani na mimi nahesabu vijiko.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo kwa ajili yake nimekutoa nyumbani leo.

Mwaka jana ulipomaliza darasa la nane nilikwambia chuo kimejaa. Nilikwambia nafasi hazikutosha, wamechukua wa mbele yako, ungoje mwaka mmoja. Ulikwenda nyuma ya nyumba ukalia, ukarudi umenawa uso, ukasema si kitu. Ukaenda kuchuma maua ya pareto Molo miezi mitatu, vidole vikakuchubuka, na pesa ukaleta zote.

Chuo hakikuwa kimejaa. Barua ya kukukubali ilifika. Ulichukuliwa mara ya kwanza, ukiwa wa juu kabisa katika orodha ya Nakuru, na ilisema tena kwamba wanakungoja kwa furaha. Lakini miaka mitano ilikuwa imefika na pesa haikufika. Mwaka wako mmoja waliula wageni. Tulimwandikia mkuu wa chuo tukimwomba akuwekee nafasi yako, akakubali, Mungu ambariki. Baba yako alitaka uambiwe ukweli. Mimi nilikataa. Niliogopa ukijua utawachukia wale watu, utamtazama kila mgeni kwa jicho lile langu la zamani, na kazi yote ya kukurudisha itapotea. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu nyingine ni kwamba niliogopa utanichukia mimi.

Barua yenyewe nimeikunja humu ndani. Isome uone walivyokusifu. Ulistahili kuisoma mwaka mzima uliopita, na badala yake ulijiona umeshindwa, na mimi nilikuona ukijiona hivyo na nikanyamaza. Kasirika, mwanangu. Kasirika kabisa, niandikie maneno makali, nitayasoma yote. Ila usiwakasirikie wageni.

Na sitaki udhani kwamba najuta kujibana. Utapata mshahara siku moja, na utaona utamu wa daftari la dukani, na siku hiyo nakuombea ukumbuke uji wetu. Mimi nilijifunza jambo moja tu katika miaka hii sita, na nililipata kwa kuchelewa: ukijibana, jibane wewe. Punguza kwenye sahani yako, kwenye nguo yako, kwenye kofia yako. Siku utakapoona umeanza kupunguza kwenye sahani ya mtu mwingine na kuliita jambo hilo akiba, ujue umefika pale nilipofika mimi, na urudi haraka kuliko nilivyorudi.

Lakini labda huhitaji kuambiwa. Wiki iliyopita tuliporudi kutoka soko la juu na vile viatu vyako vipya, yule msichana aliyeshuka kwenye lori la Keringet na mtoto mgongoni alikuwa peku, na kulikuwa na baridi. Nilikuona ukivua viatu vyako vya zamani, vile ambavyo tulikubaliana vitakuwa vya Enoki, ukampa. Ukanitazama ukingoja nikufokee. Mimi nilijifanya natafuta kitu ndani ya kikapu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuficha uso, kwa sababu nilikuwa nimetuliwa mzigo wa miaka minne pale barabarani. Enoki atatembea peku mwezi mmoja zaidi na hatakufa. Mtoto wangu amepona. Hicho ndicho nilichokihesabu njia nzima kurudi nyumbani.

Ngoja kidogo, nyanya yako ananiita.

Nimerudi. Ameniuliza naandika nini mpaka jua linatua. Nyanya yako hapendi kufichwa, na mimi nimechoka kuficha, basi nikamwambia. Nikamwambia yote: kufuli, shamba, kwamba siku ile ya mvua nilikuwa nimekimbia wageni na hatukuwa tumechelewa kupalilia kitu. Miaka minne nimelibeba. Nilipiga magoti pale kwenye maganda ya mboga.

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Mwandikie pia kwamba niliwaona."

Nikamuuliza alituona wapi.

"Kwa dirisha ya treni. Nilikuwa naangalia nje, sijawahi ona dunia ikikimbia. Nikaona watu watatu wameinama, mahindi yanafika hapa." Akaonyesha chini ya goti. "Matako yote matatu iko juu. Nikasema, ile kubwa naijua, nilizaa mimi."

Jerida, nilicheka nikalia. Nikamuuliza, sasa mama, kwa nini ulikaa kwenye mvua kimya, kwa nini hukusema kitu siku mbili zote?

Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto wa darasa la kwanza. "Ningesema ungeona haya. Ungeona haya, ungenichinjia ule kuku mwekundu nilikuja naye. Na mimi nilimleta atage, muuze mayai, huyo msichana asome."

Viatu vile ulivyompa yule msichana wa Keringet, mwanangu, vilinunuliwa kwa mayai ya kuku yule. Nasikia sauti yako kule kwa Mama Atieno, unaaga kwa mara ya tatu. Naficha karatasi hizi kabla hujaingia.

Mama yako